BETRI IMELALA, JIRANI ANASINGIZIWA UCHAWI!

Wiki hii tunapanda juu kabisa, nyanda za Ufipa, mji wa Sumbawanga. Mji huu uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikifika mwezi wa sita na wa saba alfajiri yake si ya kuchezea. Joto linashuka hadi karibu nyuzi 10, siku nyingine chini ya hapo. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulala na feni akifika huku anaomba blanketi la pili, halafu la tatu, halafu anauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Sasa mchukue kijana deiwaka aliyekabidhiwa Noah ya tajiri. Saa kumi na moja alfajiri abiria wa Laela wameshajipanga, wengine na magunia yao, mama mmoja kambeba mtoto mwenye homa. Kijana anaingia, anazungusha ufunguo. "Ka!" Kimya. Anazungusha tena. "Ka!" Taa za dashibodi zinawaka hafifu kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Abiria wanaanza kushuka mmoja mmoja, wanahamia gari la pembeni. Na jioni tajiri hataki hadithi za betri, anataka hesabu yake imetimia.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Unajua tena, wenyeji wenyewe wanakueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi gari likigoma mikononi mwa kijana aliyeanza kushika vijisenti, hakosi mtu wa kumnong'oneza: "Mdogo wangu, hiyo si betri hiyo. Hukuona jirani yako alivyokutazama jana?" Siku mbili tatu mbele, majirani waliokuwa wanaazimana chumvi hawasalimiani tena. Kisa? Kichwa cha betri kilicholegea.

Mimi nasema hivi: kabla hujamtaja jirani, fungua boneti.

Na Wafipa wa zamani wangenielewa. Wazee wale waliyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuru marefu kuliko mtu, malungu, yaliyojengwa yavute hewa yenyewe bila kupulizwa na mivuo. Walikuwa na dawa zao na miiko yao, sawa, sikatai. Lakini walijua pia kwamba tanuru likikosa hewa, chuma hakitoki hata ukesha unaimba. Gari nalo ni hivyo hivyo.

UGONJWA UMEPATIKANA BONDENI

Betri ya gari dogo ni sanduku lenye vyumba sita. Kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo juu yake, kwa hiyo betri iliyoshiba na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Ndani mna sahani za risasi (ile madini nzito, si ya bunduki) zilizozama kwenye maji yenye asidi. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, ndiye aliyeitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na pamoja na maendeleo yote haya ya simu na kompyuta, betri iliyo chini ya boneti yako inafanya kazi kwa mtindo ule ule wa babu huyo.

Umeme haukai mle kama maji kwenye ndoo. Unatengenezwa papo hapo, asidi na sahani vinapokutana. Baridi ikiingia, kukutana huko kunakuwa kwa uvivu, betri inatoa nguvu pungufu. Baridi hiyo hiyo imeifanya oili ya injini kuwa nzito kama asali, kwa hiyo selfu inahitaji nguvu zaidi ili kuizungusha. Ni kama kumwambia mgonjwa abebe gunia, na siku hiyo gunia lenyewe umeliongeza madebe mawili.

Lakini msikilize vizuri hapa, maana wengi wanapotea. Baridi ya nyuzi 10 haiui betri nzima. Huko Ulaya maji yanaganda barabarani na magari yanawaka. Baridi inachofanya ni kuumbua betri iliyokwisha kuwa mgonjwa siku nyingi. Muuaji mwenyewe ni joto.

Na joto la Rukwa liko wapi? Liko chini. Teremka kutoka Sumbawanga kwenda Muze na Mtowisa, bonde la Ziwa Rukwa, au shuka upande wa pili hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Maziwa yote mawili yako kwenye mita 800 hivi, yaani unashuka mita 1,000 kutoka mjini. Kule jua linawaka kweli. Gari linaegeshwa mchana kutwa likisubiri samaki au mpunga, injini ilishapanda ule mlima wa joto, maji ya betri yanakauka kidogo kidogo, sahani zinaliwa. Halafu dereva anapanda zake juu, analaza gari kwenye baridi, asubuhi linagoma. Anailaumu baridi ya Sumbawanga wakati ugonjwa kaubeba bondeni!

Ubaya zaidi ni kwamba miezi hiyo ya baridi ndiyo ya mahindi. Rukwa ni mmoja wa ile mikoa minne iliyotajwa kuwa maghala ya nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mwezi wa sita na wa saba kila chenye magurudumu kinatafutwa. Gari lako likilala siku moja kipindi hicho, umeliwa.

SIKILIZA LINALIA VIPI

Fundi mzuri wa umeme wa magari anasikiliza kwanza, kushika baadaye. Na wewe unaweza, huhitaji cheti.

Ukizungusha ufunguo ukasikia "tatatatata" ya haraka haraka kama cherehani, umeme upo lakini mchache. Selfu inajaribu kuamka, inazidiwa, inaachia, inajaribu tena. Hiyo ni betri iliyoishiwa, au nyaya hazishiki vizuri. Ukisikia "uuu... uuu... uuu" ya kizee, nayo ni ndugu yake. Ukisikia "ka!" moja tu halafu basi, inaweza kuwa betri iliyokwisha kabisa, inaweza kuwa selfu yenyewe imekwama. Ukikuta kimya cha makaburini na dashibodi nayo giza, angalia kwanza kama vichwa vya betri havijachomoka, halafu fyuzi kubwa.

Sasa jinsi ya kutenganisha betri na selfu bila kulipa hata senti. Washa taa kubwa za mbele. Mwenzako asimame mbele ya gari, wewe piga stata. Taa zikizimika au zikififia mpaka zinataka kufa, tatizo ni betri au vichwa vyake. Taa zikibaki zinang'aa kama hakuna kilichotokea na selfu haizunguki, betri haina kosa. Hapo tazama selfu, swichi ya ufunguo, au kama gari ni la otomatiki, angalia giya iko kwenye P kweli. Isogeze kwenye N ujaribu tena. Ni wengi walioita fundi kwa sababu giya haikukaa sawasawa, na fundi naye hakukataa hela.

Na likizunguka vizuri kabisa, "chaka-chaka-chaka", lakini haliwaki, achana na betri. Huo ni mjadala mwingine ambao tutaufikia chini.

Mwenye mita ya umeme, ile ndogo ya kushika mkononi, yuko mbele zaidi. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imeshiba. 12.2 iko nusu. 12.0 ni robo, na kwenye baridi ya Ufipa robo haitoshi. Chini ya hapo imelala. Kisha acha mita hapo hapo mwenzako apige stata: ikiporomoka chini ya volti 9.6 na betri ilikuwa imechajiwa, betri hiyo imechoka, usiisikitikie.

VICHWA, NDUGU ZANGU, VICHWA!

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu kwenye makala hii ningesema hili. Kabla ya kununua betri mpya, shika vichwa vyake uvizungushe kwa mkono. Kikizunguka, umepata mchawi wako. Hata kikikaza, kifungue utazame ndani. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale haupitishi umeme vizuri. Taa na redio zinahitaji umeme kidogo, zinapita. Selfu ya gari dogo la petroli inataka ampea 100 hadi 200 kwa mpigo, ya dizeli inazidi hapo. Mlango ni mwembamba, mtu ni mnene. Ndiyo maana redio inaimba vizuri na gari haliwaki, mpaka mtu anadhani kuna mkono wa mtu.

Kusafisha: zima gari, fungua kichwa cha hasi kwanza (kile cheusi), halafu chanya. Maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo yanaua ile asidi, yanachemka povu, unasugua kwa brashi au msasa, unafuta, unakausha. Hakikisha maji ya magadi hayaingii ndani ya betri. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Paka grisi kidogo juu. Fuata pia ule waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kutu pale ni sawa na kutu hapa.

Kuhusu kukandamiza kichwa kwa msumari au kipande cha bati: jamani, acheni. Kinashika leo, kesho kinaachia uko katikati ya msitu.

Maji yakipungua, ongeza maji ya betri yale yaliyosafishwa. Si ya bomba, si ya kisima, na wala si asidi. Maji ndiyo yanayokauka, asidi inabaki. Ukiongeza asidi kila mara unazitafuna sahani kwa mikono yako mwenyewe. Na ukitaka kuchungulia usiku, tumia tochi ya simu. Tafadhali usiwashe kiberiti! Betri ikichajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo cheche moja tu inaitosha. Sanduku linapasuka, asidi inaruka, na kitu cha kwanza inachokikuta ni macho ya yule aliyeinama kuchungulia. Ikitokea, Mungu apishie mbali, osha macho kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi bila kuacha, ndipo mkimbizeni hospitali. Msipoteze muda kumpaka maziwa wala mafuta.

KUBUSTI KWA ADABU

Sasa betri imelala kweli, na mwenzako kakubali kukusaidia na gari lake. Magari yasigusane. Yote mawili yazimwe. Waya mwekundu anza kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi anza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiibane kwenye betri iliyolala. Ibane kwenye chuma kitupu cha injini, mbali kidogo na betri. Sababu ni ile haidrojeni: ncha ya mwisho ndiyo inayopiga cheche.

Gari la msaada liwashwe, likae dakika tano hadi kumi likiingiza chakula. Watu wa kwetu hawana subira, wanabana waya na hapo hapo wanapiga stata. Nyaya zenyewe nyembamba kama za redio, zinapata moto mpaka zinanuka. Ngoja. Halafu piga stata sekunde kumi tu, ukikosa pumzika dakika moja. Likiwaka, ondoa nyaya kwa kurudi nyuma ya ulivyoanza.

Ukigeuza rangi, yaani chanya kwenye hasi, unaweza kuunguza fyuzi kubwa, altaneta, au ile kompyuta ya gari ambayo bei yake itakufanya uuze na viatu. Angalia alama ya kujumlisha na ya kutoa kwenye betri, usiamini rangi za waya, maana kuna mafundi wanafunga waya wowote waliookota.

Na sasa ndiyo nimefika kwenye kasheshe kubwa ya barabara ya Ufipa: Fuso. Umekwama Mpui, kinachopita ni Fuso la mahindi. Dereva ana roho nzuri, anasimama, utingo anaruka chini na nyaya. Asante sana kaka, lakini ngoja kwanza! Fuso na mabasi makubwa mengi yana betri mbili zilizoungwa, volti 24. Gari lako ni volti 12. Ukipigwa 24 pale, zile taa zitang'aa kwa mara ya mwisho, na vidude vya elektroniki vitakwenda navyo. Kuna mafundi wazoefu wanaochukua kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, Fuso likiwa limezimwa. Kama anayekusaidia hawezi kukuonyesha betri moja inaanzia wapi na nyingine inaishia wapi, mshukuru, msubiri mwenye Probox.

KUAZIMA BETRI: MIMI SIUPENDI MCHEZO HUU

Mnaujua. Gari limelala, jirani anatoa betri yake, inafungwa, gari linawaka. Halafu injini ikiwa bado inanguruma, betri ya jirani inachomolewa, ile mfu inarudishwa. Watu wanapiga makofi, wanasema "fundi huyo!"

Kwenye Land Rover ya zamani ungeweza kuponea. Kwenye gari la leo ni kamari. Betri kazi yake si kuwasha tu, inatuliza pia umeme unaotoka kwenye altaneta. Ukiichomoa injini ikizunguka, volti zinaruka juu ghafla, na kinachoumia ni altaneta, kompyuta, redio, chochote. Uharibifu wenyewe wakati mwingine hauonekani siku hiyo. Unakuja wiki ijayo, na hapo tena jirani, yule yule aliyeazima betri yake kwa wema, ndiye anayetajwa! Uungwana gani huo?

Afadhali azima betri, washa nayo, nenda nayo hadi kwa mwenye chaja, zima, badilisha. Na uichaji ile yako taratibu. Betri ya ampea-saa 60 kwa chaja ya ampea 6 inataka kama saa kumi au zaidi kidogo. Ile imani kwamba ukinguruma dakika kumi uani betri imejaa ni ya kujifariji. Altaneta inarudisha kilichotumika jana, haikutengenezwa kufufua maiti.

KUSUKUMA NAKO KUMEPITWA

Wazee wa Rukwa walikuwa na dawa moja: "Vijana, sukumeni!" Na ilikuwa inatibu. Kabla ya hapo kulikuwa na hendeli, lile chuma la kuzungushia injini kwa mbele, lililovunja mikono ya wengi duniani. Selfu ya umeme ililetwa na Mmarekani Charles Kettering, Cadillac wakaiweka kwenye magari yao ya 1912. Lakini Land Rover na Bedford zilizosaga tope la Ufipa ziliendelea kubeba hendeli zao miaka mingi baadaye, kwa kuwa mwenye akili hakuamini betri porini.

Kisha ikaja lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia ule mkataba wa MCC uliosainiwa 2008. Safari iliyokuwa inakula siku nzima, na masika zaidi ya siku, ikawa ya saa chache. Magari madogo yakafurika: IST, Passo, Noah, Wish. Na karibu yote ni otomatiki.

Otomatiki huliwashi kwa kusukuma. Sukuma kutoka stendi hadi milima ya Mbizi, utapata jasho tu. Pampu ya oili ya giyaboksi inazungushwa na injini, injini haizunguki, kwa hiyo magurudumu hayana njia ya kuivuta. Mwenye gari la klachi bado anaweza: ufunguo kwenye ON, klachi chini, giya ya pili, wanasukuma mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, unaachia klachi kwa ghafla, likishika unakanyaga tena. Hata hilo, kama ni la sindano za umeme na betri imekauka kabisa, haliwaki, maana pampu ya mafuta na kompyuta vinataka angalau umeme kidogo.

Ukiwa kwenye mteremko uwe na akili zako. Injini ikiwa imezimwa, breki ni ngumu na usukani ni mzito kama wa trekta. Ukichomoa ufunguo, usukani unajifunga. Kule kwenye kona za kuteremkia bonde la Rukwa usijaribu, na watu wasisukume wakiwa mbele au pembeni karibu na magurudumu. Abiria kalipa nauli, hakulipa kupondwa mguu.

BETRI MPYA, BADO LIMEGOMA!

Hii ndiyo inayowatoa watu machozi. Umeuza gunia tatu za mahindi, umenunua betri, umefunga, umezungusha... wapi!

Kama haliziki kabisa kusikia ufunguo na kuna kataa kekundu kenye picha ya gari au ufunguo kanakonyeza haraka, ni ulinzi wa wizi haujautambua ufunguo wako. Betri ilipokufa, baadhi ya magari yanachanganyikiwa. Funga milango kwa ufunguo, fungua tena, jaribu. Ufunguo wa kubonyeza nao una betri yake ndogo kama sarafu, inaweza kuwa ndiyo imelala. Usukani ukiwa umejifunga, utikise kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo kwa upole.

Likizunguka lisiwake, fikiria jana ulilipiga stata mara ngapi. Mara thelathini? Basi plagi zimelowa petroli. Kwenye magari mengi ya sindano za umeme ukikanyaga mafuta hadi chini huku unapiga stata, kompyuta inakata petroli, injini inajikausha. Dizeli ni habari nyingine: kule juu hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na ni ya baridi. Ngoja kataa ka hita, kale ka umbo la springi, kazimike ndipo upige stata. Hita plagi zikifa mbili kati ya nne, Kasanga hutajua, Sumbawanga utajua.

Likiwaka lakini linatetemeka na kutaka kuzimika, usikimbilie gereji. Kompyuta imesahau ilivyozoea kushika sailensa. Liache lingurume dakika kumi bila kukanyaga mafuta, bila AC, halafu liendeshe taratibu. Mengi yanajifunza yenyewe.

Kisha pima tena kwa mita, injini ikiwa inanguruma. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.7, altaneta inalisha. Ikisoma 12 na inashuka, betri yako mpya nayo inakwenda kufa kama mwenzake, kwa sababu aliyeiua ya kwanza bado yuko. Tazama mkanda kama haujalegea. Tazama pia ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi: ufunguo ukiwa ON lazima iwake, injini ikiwaka lazima izime. Isipowaka kabisa usifurahi. Kuna wauza magari wanaoichomoa balbu ili mnunuzi asijue.

NANI ANAKUNYWA USIKU?

Tumalizie na vijana wenzangu. Taa mbili za mbele zinakula kama ampea 9. Ukizisahau umeziwasha, betri ya 60 haifiki asubuhi. Taa ya ndani ni nusu ampea tu, hiyo utaamka nayo kama betri ni nzima. Lakini lile sabufa ulilolifunga kwenye buti, pamoja na amplifaya yake, likipigwa kwa nguvu linaweza kula ampea 20. Umeegesha nje ya ukumbi, milango wazi, mtoto wa watu kaketi mbele anatikisa kichwa, injini umeizima unabana mafuta. Saa mbili tu. Wakati wa kumrudisha kwao, "ka!" Saa sita usiku, baridi hiyo, na baba mkwe mtarajiwa kasimama mlangoni kajifunika blanketi anatazama saa.

Na wale mnaotoa betri ya gari jioni umeme ukikatika, mnaendeshea runinga na taa za ndani, asubuhi mnairudisha: betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu ishibe tena. Ukiikausha mpaka chini mara kwa mara, sahani zinaota ugumu usiotoka, na baada ya miezi michache haishiki tena. Runinga ina betri zake, zile za sola.

Kama hakuna taa wala muziki na bado asubuhi imelala, kuna kitu kinakunywa kwa siri. Zima kila kitu, funga milango, ngoja nusu saa vidude vyote vilale. Weka mita kwenye ampea kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Gari zima linatakiwa kusoma chini ya ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi itakayoishusha ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi utamkuta kwenye alamu au redio iliyofungwa na fundi wa haraka haraka. Betri ikiwa kweli imezeeka, na miaka mitatu hadi mitano ndiyo umri wake, soma tarehe iliyogongwa juu yake kabla ya kulipa, na ile kuukuu usiiache uani watoto wakaipasua. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto. Irudishe dukani, wengine wanakupunguzia bei.